Kipande hiki tukitengeneze au tukinunue? Hatua za kufikia uamuzi

Karatasi ya hesabu huwa inasema hivi: kutengeneza bushi moja (pete nene ya madini inayosukumwa ndani ya tundu la mashine) hapa kiwandani kunagharimu 90, muuzaji wa nje anatuuzia kwa 72. Mkutano unachukua dakika kumi, mashine ya kukereza inafunikwa turubai, oda inatumwa. Mwaka unapokwisha, faida haijapanda, imeshuka. Nimeiona karatasi ya namna hii zaidi ya mara moja, na kila mara kosa lilikuwa lilelile. Ndani ya ile 90 kulikuwa na gharama ambazo hazikuondoka bushi ilipoondoka. Kodi ya jengo iliendelea kulipwa, msimamizi aliendelea kulipwa, mhasibu na mlinzi nao vilevile, na juu ya hayo yote sasa kulikuwa na ankara ya muuzaji.

Mwongozo huu ni wa anayeendesha karakana au kiwanda, au anayenunua kwa niaba yake, ambaye ana kipande mezani na anatakiwa kutoa jibu. Nitatumia bushi ile ile tangu mwanzo hadi mwisho: bushi ya shaba nyeusi, inayokerezwa, vipande 6,000 kwa mwaka. Tarakimu za fedha ni za mfano, zisome kwa fedha unayoitumia wewe.

Hatua ya 1: Weka mchoro mezani kwanza

Usianze na bei. Anza na mchoro, tena mchoro uliokamilika: aina ya madini, ugumu wake, kila kipimo pamoja na tofauti inayoruhusiwa, ulaini wa uso, idadi ya mwaka na idadi ya kila oda. Kuandika "tundu la milimita 25" hakutoshi. Andika "kuanzia 25.00 hadi 25.02", kwa sababu bushi ya 25.08 nayo mtu anaweza kukuapia kwamba ni ya 25. Bila hayo utalinganisha bei mbili za vitu viwili tofauti na kudhani unalinganisha kitu kimoja.

Kisha kaa na fundi mkereza, mchoro ukiwa katikati yenu, umuulize: ni nini unachokifanya ambacho hakijaandikwa hapa? Swali hili nimelijifunza kwa gharama. Tulinunua bushi nje kwa mara ya kwanza, boksi likafunguliwa stoo, bushi zinang'aa, maikromita ikakubali kila moja. Zilipofika kwenye presi, mashine ya kuzisukumia tunduni, ya kwanza ilikwangua tundu lake na kukaa upande. Ya pili hivyo hivyo. Fundi wetu akaichukua moja, akapitisha kidole gumba ukingoni, akasema, "Hii haijavunjwa kingo." Kwa miaka mingi alikuwa akiukata ukingo wa nje kidogo kwa pembe ili bushi iingie bila kugoma, na hakuna aliyewahi kuliandika hilo kwenye mchoro. Muuzaji hakuwa na kosa. Alitengeneza alichoonyeshwa.

Kwa hiyo sahihisha mchoro kabla haujamfikia mtu yeyote wa nje. Hata kama mwisho utaamua kuendelea kutengeneza mwenyewe, kazi hiyo haijapotea: siku fundi huyo akistaafu, ujuzi wake utakuwa umebaki.

Hatua ya 2: Maswali mawili kabla ya hesabu

Je, kipande hiki ndicho kinachowafanya wateja waje kwako badala ya kwenda kwa mwingine? Na je, una uwezo wa kukitengeneza kwa ubora unaotakiwa?

Vipande vingi jibu lake hupatikana hapa hapa. Boliti, nati, beringi na oringi za vipimo vya kawaida, nunua. Kuna viwanda duniani vinavyozitoa kwa mamilioni kwa vipimo vya kimataifa, na huwezi kuwafikia kwa bei wala kwa usahihi. Kipande kinachobeba siri ya bidhaa yako, umbo ambalo ulihangaika miaka kulipata, hicho usikiachie hata kama bei ya nje inavutia. Au ukikiachia, mkataba uwe umeandikwa na mwanasheria.

Nawaonya hasa wale wanaopenda kumiliki kila kitu. Henry Ford alitaka hata mpira wa magurudumu utoke kwenye mashamba yake mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 akaanzisha mji mzima, Fordlândia, katika msitu wa Amazon nchini Brazili. Miti ilipandwa kwa kubanana, ugonjwa wa majani ukaivamia, na mwaka 1945 kampuni ikaiuzia serikali ya Brazili mradi huo kwa hasara kubwa. Ford alijua kutengeneza magari kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake. Kilimo cha mpira kilikuwa kazi ya watu wengine.

Bushi yetu haimo katika makundi hayo mawili. Tunaiweza, lakini wengine pia wanaiweza. Basi hesabu ifanyike.

Hatua ya 3: Andika gharama zitakazoondoka, hizo tu

Hapa ndipo uamuzi wote unapolala, kwa hiyo usiharakishe. Ile 90 ya kwenye karatasi imejengwa hivi: shaba 30, ujira 18, umeme na visu vya kukatia pamoja na mafuta ya kupoozea 7, na fungu la gharama za jumla za kiwanda 35.

Chukua kila mstari uulize: tukiacha kutengeneza bushi kuanzia Jumatatu, fedha hii itaacha kutoka mfukoni?

Shaba, ndiyo. Hatutainunua. Lakini hakikisha umehesabu na zinazoharibika: kama kati ya bushi 100 zinazoanzwa 5 hutupwa, basi ili upate 100 nzima unaanza karibu 105, na shaba ya hizo 5 imo katika gharama yako. Toa pia unachopata ukiuza chakavu na mabaki ya kukereza. Shaba chakavu ina wanunuzi wake.

Umeme, visu na mafuta, ndiyo.

Ujira ni mgumu zaidi, na hapa watu hujidanganya. Kama fundi analipwa kwa kipande, ujira wake unaondoka pamoja na kipande. Kama analipwa kwa mwezi na hukusudii kumwachisha kazi, ile 18 haiendi popote. Utaendelea kumlipa huku ukimlipa na muuzaji. Kama utamhamishia kwenye kazi ambayo vinginevyo ungeajiri mtu mpya au ungelipa saa za ziada, basi hapo ni halali kuihesabu kuwa imeokolewa. Jiulize kwa ukweli ni ipi kati ya hali hizo tatu iliyo yako. Katika mfano huu nitachukulia kwamba ujira unaondoka.

Halafu ile 35. Ndani yake kuna kodi, mishahara ya ofisi, bima, uchakavu wa mashine. Kodi haitapungua kwa kuwa kona moja imekaa tupu. Uchakavu wa mashine iliyokwisha kununuliwa ni kumbukumbu ya fedha iliyotoka zamani, na maji yakimwagika hayazoleki; kinachohesabika leo ni bei ambayo mashine hiyo ingeuzwa sokoni, kama kweli utaiuza. Tukipekua 35 yote tunakuta 5 tu inayoondoka, ambayo ni matengenezo ya mashine yanayotegemea saa inazofanya kazi.

Jumla ya kinachoondoka: 30 + 18 + 7 + 5 = 60. Siyo 90. Na kama ujira nao unabaki, ni 42.

Jambo moja zaidi kabla hatujaendelea. Muda wa kupanga mashine usifichwe. Kama kufunga kisu, kuweka sawa na kukereza bushi za kujaribia huchukua saa 3, na kila awamu ni bushi 30, basi kila bushi imebeba dakika 6 za maandalizi. Awamu ikiwa ya 300, imebeba sekunde 36. Mara nyingi bei ya nje inaonekana nafuu kwa sababu sisi ndani tunatengeneza kwa awamu ndogo ndogo. Ukiongeza awamu, unaweza ukakuta hakuna haja ya kumtafuta muuzaji.

Hatua ya 4: Fuata bei ya muuzaji hadi kwenye benchi

Bei iliyo kwenye karatasi ya muuzaji ni ya bushi iliyoko kwake. Wewe unataka bushi iliyoko mkononi mwa fundi wako, imekaguliwa, iko tayari kusukumwa tunduni. Anza na 72, ongeza usafiri na ushuru 4, ukaguzi wa kupokea 2, zitakazokataliwa na usumbufu wake 1, na gharama ya fedha iliyolala stoo 1. Tumefika 80.

Huo mstari wa mwisho uutazame vizuri. Karakana yetu hutoa bushi ndani ya siku chache. Muuzaji anasema wiki 10. Tunatumia bushi kama 115 kwa wiki, maana yake kwa kipindi chote cha kusubiri tunahitaji zaidi ya bushi 1,100 ziwe stoo au njiani, na za akiba juu yake. Mhandisi akibadilisha kipimo mwezi ujao, hizo zote ni chakavu. Kama bidhaa yako hubadilika mara kwa mara, 1 niliyoiandika ni ndogo mno.

Unapoomba bei, omba kwa idadi tatu tofauti, kwa mfano 500, 2,000 na 6,000. Namna bei inavyoshuka itakuonyesha ni kiasi gani cha gharama yake ni maandalizi na ni kiasi gani ni kipande chenyewe. Uliza pia bei itadumu kwa muda gani, oda ndogo kabisa ni ngapi, malipo ni kabla au baada ya mzigo kufika, na kama kuna kalibu au vishikio maalumu, ni mali ya nani baada ya kulipiwa. Hili la mwisho liandikwe. Kalibu uliyoilipia ikiwa kwenye ghala la mtu bila maandishi, siku mkikosana utaanza upya.

Hatua ya 5: Zile saa za mashine zingefanya nini?

Mpaka hapa, kununua ni 80 na kutengeneza ni 60. Kwa bushi 6,000 kununua kunaongeza gharama kwa 120,000 kwa mwaka, ilhali karatasi ya mwanzo ilituahidi tutaokoa 108,000. Wengi wakifika hapa hushusha pumzi na kufunga faili. Bado.

Kila bushi huchukua dakika 12 kwenye mashine ya kukereza, yaani bushi 5 kwa saa, saa 1,200 kwa mwaka. Kama mashine hiyo ingekaa bure saa hizo, uamuzi ni kutengeneza na hakuna mjadala. Lakini kama mashine hiyo ndiyo inayobana karakana nzima, kazi za wateja zimepanga foleni mbele yake na nyingine unazikataa, basi saa hizo 1,200 zina thamani ambayo haijaonekana popote katika hesabu.

Ipime hivi. Tofauti ya 20 kwa bushi mara bushi 5 kwa saa ni 100. Kila saa ya mashine itakayoachwa wazi inapaswa kukuletea zaidi ya 100, baada ya kutoa malighafi, ujira na gharama nyingine za ile kazi mpya. Ikiwa kazi za wateja zinaleta 130 kwa saa, saa 1,200 zinaleta 156,000; toa ile 120,000, na kununua kunakuachia 36,000 zaidi. Ikiwa zinaleta 70, endelea kukereza bushi zako.

Masharti ni mawili tu: kazi hiyo iwepo kweli, yenye oda mkononi, siyo matumaini ya idara ya mauzo; na mashine nyingine zinazofuata ziweze kuimeza. Hakuna faida ya kufungua mlango wa kwanza ikiwa wa pili umebana vilevile.

Hatua ya 6: Kama mashine bado haijanunuliwa

Hali ikiwa ni ya kinyume, unanunua leo na unafikiria kuanza kutengeneza, swali linakuwa la idadi. Tuseme mashine na vifaa vyake ni 180,000. Unaokoa 20 kwa kila bushi, kwa hiyo unahitaji bushi 9,000 kurudisha fedha yako. Kwa 6,000 kwa mwaka ni mwaka mmoja na nusu. Kwa 2,000 ni miaka minne na nusu, na hapo uulize kama bidhaa yenyewe itakuwa bado inauzwa. Miezi ya mwanzo ihesabie hasara: fundi anajifunza, vipande vinaharibika, mashine inasimama. Sijaona mahali ambapo haikuwa hivyo.

Hatua ya 7: Akishindwa yeye, wewe utasimama kwa muda gani?

Hesabu ikishakupa jibu, ijaribu kwa swali hili. Kampuni ya Boeing ilipotengeneza ndege ya 787, ilikabidhi sehemu kubwa za mwili wa ndege, pamoja na usanifu wake, kwa makampuni ya nje. Mwaka 2007 ndege ya kwanza ilionyeshwa hadharani ikiwa na vifungio vya muda, kwa sababu vile halisi havikuwa vimepatikana vya kutosha. Ndege ya kwanza iliyopangwa kukabidhiwa 2008 ilikabidhiwa Septemba 2011, na katikati ya safari hiyo, mwaka 2009, Boeing ililazimika kukinunua kiwanda cha mmoja wa wagavi wake huko South Carolina. Kazi iliyotolewa nje ikarudishwa ndani kwa gharama ya juu.

Mfano wa Toyota unanifundisha zaidi. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin kilichokuwa kikitoa karibu vali zote za breki za aina moja iliyotumiwa na Toyota. Akiba ilikuwa ya saa chache, viwanda vya magari vikasimama. Lakini michoro ilisambazwa kwa karakana nyingi, baadhi hazikuwahi kutengeneza vali hata siku moja, na ndani ya siku chache vali zikaanza kutoka. Kipande kidogo cha bei ndogo kiliweza kusimamisha kampuni kubwa, na kilichoiokoa ni kwamba ujuzi wake uliweza kupitishwa kwa wengine haraka.

Kwa hiyo hesabu wauzaji wanaoweza kutengeneza kipande chako. Wakiwa watano, kununua hakutishi. Akiwa mmoja, na wewe umeuza mashine yako na fundi ameondoka, bei ya mwaka wa pili ataipanga yeye. Waswahili walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Funga bei kwa mkataba, na kama ni kipande cha madini, mkubaliane kwa kanuni iliyoandikwa jinsi bei itakavyofuata bei ya madini ikipanda na ikishuka.

Hatua ya 8: Tazama njia za katikati

Watu hubishana kana kwamba njia ni mbili tu. Unaweza kununua bushi iliyosubiwa, ghafi, kisha ukaikereza ndani: kusubu ni kazi ya joto na kalibu ambayo huna, kukereza unakuweza. Unaweza kutengeneza mwenyewe kiasi cha kila mwezi kisichobadilika na kununua ziada msimu wa oda unapochachamaa. Hivyo mashine haikai bure na muuzaji hakushiki koo. Au unachora mwenyewe na kuchongesha kwa mwingine. Apple walipoanza kuachana na prosesa za Intel kwenye kompyuta zao mwaka 2020 hawakujenga kiwanda cha chipu. Walisanifu ya kwao, M1, na kuitengenezesha TSMC, kampuni ya Taiwan inayowatengenezea wengine chipu. Walitenga maarifa na mitambo, wakabaki na maarifa.

Kwa bushi yetu, kama mashine imebana, mimi ningeanza na njia ya kununua ghafi. Inapunguza zile dakika 12 bila kuutoa nje ule ukingo wa fundi.

Hatua ya 9: Jaribu kidogo, andika, acha mlango wazi

Ukiamua kununua, usianze na 6,000. Omba vipande vichache vya mfano, pima kila kimoja, kila kipimo, kisha visukume tunduni na uendeshe mashine navyo. Halafu chukua awamu ndogo iliyotengenezwa kwa mwendo wa kawaida wa muuzaji, maana mfano hutengenezwa na fundi wake bora akiwa na muda, na awamu hutengenezwa na yeyote aliye zamu.

Andika ukurasa mmoja: tarakimu ulizotumia, uliyodhania kuhusu ujira na saa za mashine, na masharti yatakayokufanya ulifungue jambo hili tena. Mfano: bei ya nje ikipita 85, mzigo ukichelewa mara mbili, idadi ya mwaka ikishuka chini ya 3,000, au kazi za wateja zikipungua na mashine ikaanza kukaa bure. Weka tarehe ya kuupitia baada ya miezi sita, na jina la atakayeupitia.

Vishikio, geji na visu vya bushi usiviuze wala kuvigawa bado. Vipake mafuta, vifunge pamoja na mchoro uliosahihishwa, uviweke kabatini penye lebo. Subiri awamu ya tatu ya muuzaji ipite kwenye presi bila kukwangua, ndipo uamue la kufanya navyo.